Bingwa wa Kuazima

Nililala nimesimama. Naanza na hilo kwa sababu wanafunzi wangu wangeanza nalo, na ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kwao, maana wao huongeza na mlio wa kukoroma ambao sina uhakika nao.

Kilikuwa kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, hisabati, kidato cha pili, vipindi viwili vilivyounganishwa. Chumba chetu kina bati jipya, na jua likishalikamata bati lile, darasa linakuwa kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nilikuwa ubaoni naandika mlinganyo. Niliandika herufi ya kwanza, nikaweka alama ya kujumlisha, na kilichofuata nimesimuliwa tu. Wanasema chaki iliendelea kushuka yenyewe ikachora mstari mrefu mpaka chini ya ubao. Kisha paji langu la uso likaegemea ile alama ya kujumlisha, nikatulia tuli. Wanafunzi arobaini na watatu walinyamaza kwa adabu ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho. Mmoja alishika saa. Dakika nne.

Niliamshwa na mwalimu mkuu akigonga kioo cha dirisha. Nikageukia darasa, alama ya kujumlisha nyeupe katikati ya paji la uso, nikauliza kwa sauti kali, "Kwa hiyo, jibu ni lipi?"

Ofisini mwake, mwalimu mkuu hakunifokea. Ni mama mpole, na upole wake ndio unaoumiza.

"Mwalimu," alisema, "si wewe uliyelalamika kwenye kikao kwamba wanafunzi wanalala kipindi chako?"

"Ni mimi, mwalimu mkuu."

"Basi sasa tumejua wanaiga nani."

Akaniambia kwamba kuanzia wiki ile, vipindi vyote vya mchana vilivyounganishwa vitakatwa katikati kwa dakika tano za kuchangamsha bongo. Mwalimu achague mwenyewe: mazoezi ya viungo, wimbo, au michezo ya maneno. Mazoezi sikuyataka, magoti yangu yana msimamo wao. Wimbo nao, niliwahi kuimba kwenye harusi ya shemeji yangu na mpaka leo shemeji akinisalimia anatazama pembeni. Nikasema, "Maneno." Nilisema kama mtu anayeifanyia shule hisani.

Lazima nieleze jeuri hiyo ilitoka wapi. Nilipokuwa mwanafunzi nilishinda shindano la insha, na cheti chake kipo sebuleni kwangu ndani ya fremu, mahali ambapo mke wangu kwa miaka kumi na minane amekuwa akitaka kutundika kalenda. Kutokana na cheti kile nilijihesabu mtaalamu wa lugha aliyepotelea kwenye hisabati. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Uwanja ulikuwa wangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Unachukua neno, unavuruga herufi zake, unaziandika ubaoni, na wa kwanza kuzipanga upya ndiye mshindi. Tukauita Vuruga.

Siku ya kwanza niliandika KISAMA, nikarudi nyuma hatua mbili nifurahie kazi yangu. Sekunde tano hazikupita, mwanafunzi mmoja akaruka juu. Huyu tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali hukumu yoyote, hata ya kengele.

"Masika!"

"Kosa," nikasema. "Jibu ni samaki."

Darasa likatazama ubao. Wakili akahesabu kwa vidole, pole pole, ili nimwone.

"Mwalimu, herufi zote sita zimeingia. Hakuna iliyobaki nje."

Nilihesabu. Zilikuwa zimeingia. Mtu mwenye akili timamu angesema, hongera, sikuliona hilo. Mimi nilisema, "Neno nililolitunga mimi ni samaki. Hii ni hisabati. Jibu ni moja."

"Lakini mwalimu, wiki iliyopita ulituuliza ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata tisa. Tukasema tatu. Ukatuita wavivu, ukasema kuna na hasi tatu."

Darasa zima likaitikia, "Ndiyoooo."

Nikawaambia dakika tano zimekwisha. Zilikuwa mbili.

Jioni ile nilijiambia kosa langu lilikuwa kuchagua neno rahisi mno. Nikashusha kamusi, ile nene iliyochanika mgongo, nikaanza kuwinda maneno ambayo hakuna mtoto angeweza kunibishia. Siku iliyofuata niliwapa bahaluli. Hakuna aliyelipata. Nikawaeleza kwa madaha kwamba bahaluli ni mtu mjinga asiyejijua, nikatembeza macho darasani kana kwamba namtafuta. Keshokutwa yake nikawapa sakubimbi, mpiga umbea. Kisha tashtiti, maneno ya kumchokoza mtu. Kila mara walikaa kimya, nami nikafungua jibu polepole, kama mtu anayefunua pazia.

Mke wangu ni fundi cherehani. Mashine yake iko sebuleni chini ya kile cheti, na mazungumzo yetu mengi ya ndoa yamefanyika juu ya mlio wake. Nilimsimulia mafanikio yangu.

"Hakuna hata mmoja anayepata?" aliuliza.

"Hata mmoja."

"Sasa Baba Pacha, hao watoto wanapumzishwa au wanaadhibiwa?"

Pacha wetu wako bweni, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumgeukia kutafuta kura. Nikamwambia mambo ya ufundishaji si kama kukata mfuko wa suruali. Akaniangalia juu ya miwani, akarudi kwenye suruali.

Wiki ya pili, katikati ya zile dakika tano za kuchangamsha bongo, mwanafunzi mmoja alianza kukoroma. Wakili akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati kwa heshima zote.

"Mwalimu, kwa niaba ya wenzangu. Tunaomba tukatize mapumziko turudi kwenye hesabu."

Nimefundisha miaka ishirini na moja. Sikuwahi kusikia ombi la namna hiyo, na katika ndoto zangu lilipokuja, lilikuwa na maana nyingine kabisa. Nilichukia. Nikaitupa chaki mezani.

"Basi tungeni wenyewe! Njooni hapa mbele mtunge, tuone kama ni kazi ya mchezo."

Nilitegemea aje Wakili. Akaja msichana mrefu wa dawati la karibu na mlango, ambaye wenzake walimwita Kimya. Mwaka mzima sikuwa nimesikia kutoka kwake neno lolote zaidi ya "nipo" wakati wa mahudhurio. Mtihani wa mwisho alipata kumi na tisa kwa mia. Aliokota chaki, akaandika kwa mwandiko mdogo ulionyooka:

NIZALUSII

Akarudi kukaa.

Nilitabasamu. Nikatazama. Tabasamu likabaki usoni peke yake, mimi mwenyewe nikiwa nimeshaondoka. Herufi tisa. I zilikuwa tatu na kila nilipoiweka moja mahali pake nyingine mbili zilibaki zimesimama kama wageni wasio na viti. Nyuma yangu nilisikia mnong'ono, kisha kicheko kilichobanwa, kisha vicheko kama kumi. Walikuwa wamelipata. Darasa zima lilikuwa limelipata.

"Msiseme," Wakili aliwaambia wenzake. "Mwacheni mwalimu afanye mwenyewe."

"Nimeshalijua," nikasema. "Nitalisema kesho, ili na wengine wapate nafasi."

Nililibeba neno lile mpaka ofisi ya walimu, nimeliandika kwenye kiganja. Mwalimu wa historia alidai ni jina la mtawala wa kale. Mwalimu wa kemia akachukua karatasi, akazikata herufi moja moja, akazitandaza mezani kati ya vikombe vya chai. Dakika chache baadaye tulikuwa watu watano tumeinama juu ya meza ile, tunasukumana mikono. Kengele ikalia. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Kumbe madarasa matano yalikuwa yamekaa bila mwalimu kwa robo saa nzima, na kelele zilipofika ofisini mwa mwalimu mkuu, akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni. Akasogea. Akatazama meza.

"Kuna 'zi' humo ndani," alisema. Kisha akakumbuka cheo chake. "Walimu! Madarasani!"

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, na kwa bahati yangu kipindi changu kiliangukia kwenye usafi wa shule. Jumamosi asubuhi nilijilaza kwenye kochi, kamusi juu ya kifua. Nilikuwa nimepita kila neno linaloanza na N, na L, na sehemu kubwa ya Z. Mke wangu alikuwa anashona gauni la mteja. Karatasi yenye herufi nilikuwa nimeiegemeza kwenye boksi lake la nyuzi ili niione vizuri.

"Ulisinzia," nilimsikia akisema.

"Sikusinzia. Nimefumba macho nizione herufi."

"Ulisinzia."

"Mama Pacha, mtu akifumba macho haina maana kwamba—"

"Baba Pacha." Mashine ikasimama. "Ulisinzia. U, li, si, nzi, a. Hesabu hizo herufi zako."

Nilikaa. Nikahesabu. Tisa. Zote zilikuwa zimepata viti.

"Ndiyo maana hukulipata kwenye kamusi," aliendelea, akitia uzi kwenye sindano. "Kamusi ina sinzia tu. Haijui kwamba ni wewe."

Halafu akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa bado najiuliza kama ni haki mtoto kuvuruga kitenzi kilichokwisha kuambishwa.

Sasa hapa ndipo ningeweza kuokoka. Jumatatu ningeingia darasani niseme, jamani, mke wangu ndiye aliyelipata, na mmenipata kweli. Niliingia nikaandika ULISINZIA kwa herufi kubwa, nikapigia mstari mara mbili, nikasema, "Nililipata Alhamisi ileile. Nilikuwa nawasubiri ninyi."

Walipiga makofi na madawati. Kimya alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona akitabasamu.

"Ulilipata mwenyewe, mwalimu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyodhani.

"Mwenyewe kabisa."

Kuanzia siku hiyo, kila kipindi alikuwa na jipya. Akiliandika, mimi nasema, "Hili nitalijibu kesho," kana kwamba ni busara. Nikifika nyumbani nalisoma kwa sauti ya mtu asiyejali, nikivua viatu, na mke wangu anajibu bila kuondoa mguu kwenye pedali. Rafiki na fikira. Kiatu na tukia. Haraka na karaha. Mara nyingine alijibu kabla sijamaliza kuvua kiatu cha pili. Kesho yake naingia darasani nimevimba.

Lazima nikiri kwamba darasa lilikuwa limebadilika. Walikuwa wanapigana vikumbo kurudi kutoka chakula cha mchana. Baada ya zile dakika tano, hesabu zilikwenda kasi, na hata mimi niliacha kuegemea vitu. Madarasa mengine yakaiga. Mwalimu wa historia akaanza kuniita Bingwa mbele ya watu. Ningeweza kukanusha. Nilisema, "Aah, ni mazoezi tu."

Mwalimu mkuu akafurahi kupita kiasi. Kwenye kikao akatangaza kwamba siku ya wazazi, baada ya taarifa ya taaluma na kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, kutakuwa na pambano la Vuruga kati ya Bingwa na mwanafunzi atakayechaguliwa na wenzake. Kila mtu alijua watamchagua nani.

Nilikwenda nyumbani na mpango.

"Utakaa mstari wa mbele," nilimwambia mke wangu. "Neno likianza na irabu unashika sikio. Likianza na konsonanti unakohoa. Halafu kwa silabi ya pili—"

"Sikohoi."

"Mara moja tu."

"Nilipokuwa nakusaidia nilidhani unawaambia watoto ni mimi." Aliniangalia kwa muda. "Hukuwaambia?"

Nikachunguza kidole gumba changu cha mguu.

"Basi nitakaa nyuma kabisa," alisema. "Na mikono nitaikalia."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa viti vya plastiki mpaka kwenye milango. Nilivaa suti ambayo mke wangu aliiongeza kiunoni mara mbili tangu niinunue. Kwenye jukwaa kulikuwa na ubao, kipaza sauti kilichopiga mluzi kila ukikisogelea, na Kimya, amesimama mikono nyuma, sare yake imenyooshwa kwa pasi mpaka inang'aa. Wakili alikuwa mstari wa pili akiwa na daftari la kumbukumbu za mchezo, kazi ambayo hakuna aliyempa.

Nilianza mimi. Niliandika herufi za tashtiti, kwa imani kwamba uzito wa neno ungemwangusha.

"Tashtiti," alisema Kimya. "Hilo ulishatupa, mwalimu. Wiki ya kwanza."

Kicheko cha kwanza. Nikafuta haraka, nikaandika herufi za sabuni.

"Sabuni," alisema. "Na nasibu."

Sikuwa najua kuhusu nasibu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeliweka pale kwa makusudi. Kisha zamu yake ikafika. Aliandika herufi nne tu: ADMU.

"Maneno matatu," alisema kwenye kipaza sauti. "Herufi ni hizo nne."

Nikapata muda mara moja, wazazi wakapiga makofi. Nikapata damu. Makofi tena. Nikamwangalia mwalimu mkuu aliyeshika saa, nikamkonyeza. Nilimkonyeza kweli. Kisha nikageukia ubao kuchukua la tatu, na la tatu halikuwepo.

Nilizipanga mbele, nikazipanga nyuma. Jasho likaanza safari kwenye uti wa mgongo. Ukumbi ukatulia ule utulivu ambao kila mtu anasikia kiti chake mwenyewe kikilia.

"Madu!" nikasema.

Mwalimu mkuu akasogeza kipaza sauti. "Mwalimu, madu ni nini?"

"Madu ni... ni chombo. Cha zamani."

"Cha zamani gani?" aliuliza mwalimu wa historia kutoka mstari wa walimu. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua.

"Cha kuwekea... kilitumika sana."

Wakili alikuwa ameshasimama na kamusi. Ilikuwa kamusi yangu, ile iliyochanika mgongo, niliyoileta mwenyewe ili iwepo jukwaani kama pambo. Akafungua. Akapitisha kidole chini ya ukurasa, mbele ya wazazi mia mbili.

"Halimo," akasema, kwa huzuni ya kweli.

Kimya alinisogelea kidogo, akanong'ona ili nisikie mimi tu. "Mwalimu, ana mbio."

"Nani ana mbio?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Ukumbi uliangua kicheko. Hata wakati huo sikuliona. Alinihurumia, mtoto yule, alinipa msaada mkononi kabisa, na bado sikuliona. Nikamtazama, nikaona hacheki. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayekutazama unavuka barabara vibaya.

Sijui ni nini kilichonivunja. Labda uso huo. Nikashika kipaza sauti, kikapiga mluzi, nikasubiri kiishe.

"Sijui," nikasema. "Na yale mengine pia sikuyajua. Ulisinzia sikulipata. Wala lile la rafiki. Hakuna hata moja nililolipata mwenyewe tangu tuanze. Nilikuwa nayapeleka nyumbani kwa mke wangu."

Kisha mwalimu mkuu akauliza, kwa ule upole wake, "Na mwenyewe yuko wapi?"

Vichwa vyote viligeuka. Nyuma kabisa, mke wangu alitoa mikono aliyokuwa ameikalia, akasimama, akanyoosha gauni.

"Duma," alisema.

Makofi yale sijawahi kupigiwa mimi, hata siku ya cheti. Wakampisha njia mpaka jukwaani. Mimi nikakaa chini kwenye ngazi ya jukwaa, na pambano la kweli likaanza. Kimya akiandika, Mama Pacha anajibu chaki haijatua. Mama Pacha akiandika, Kimya anampa jawabu na la ziada. Mali, lima, imla. Sifa, safi. Wali, liwa. Wazazi walikuwa wamesimama juu ya viti. Mgeni rasmi, mwenye hotuba ya kurasa sita mkononi, alianza kupaza majibu, yote makosa, na hakuna aliyemkumbusha kwamba ni zamu yake ya kuzungumza.

Raundi ya kumi na moja Kimya aliandika HISTA.

"Tisha," mke wangu alijibu.

"Lipo lingine, mama."

Mke wangu alitazama. Akatazama tena. Dakika ikaisha, mwalimu mkuu akapiga kengele ya mkono.

"Shati," alisema Kimya.

Mke wangu, ambaye wiki ile peke yake alikuwa ameshona mashati tisa, alijishika kiuno akacheka mpaka akalazimika kuegemea ubao. Kisha akamkumbatia yule msichana, na ukumbi ukampa Kimya ushindi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa najiandaa kuambiwa mengi, na nilikuwa nayastahili. Mke wangu alianza tulipopita kituo cha mafuta.

"Nilizungumza naye pale bombani, tulipokwenda kunawa chaki," alisema. "Nikamuuliza, mwanangu, na kichwa hicho, mbona hesabu huzipendi? Akasema anazipenda. Ila siku ya kwanza ya mwaka alijibu swali, ukamwambia, 'Hilo jibu umeliokota jalalani?' Darasa likacheka. Tangu hapo hajajibu tena."

Nilitaka kusema si kweli. Lakini sentensi ile niliitambua, kama mtu anavyotambua koti lake mwenyewe kwenye mgongo wa mwingine. Huwa naisema. Nilikuwa naiona ya kuchekesha. Sikumbuki siku hiyo hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kwangu ulikuwa mzaha mmoja kati ya mingi. Kwake ulikuwa mwaka mzima.

"Alikosea kweli hilo swali?" mke wangu aliuliza.

"Sijui."

"Basi muulize."

Jumatatu niliandaa maneno ya kusema. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi, aya tatu, zenye utangulizi. Nilipoingia darasani nikaiona ile sura karibu na mlango, nikaisahau karatasi mfukoni.

"Siku ya kwanza ya mwaka," nikasema, "nilimcheka mtu hapa kwa jibu lake. Nilikosea. Naomba radhi."

Hawakuelewa wengi. Kimya alielewa. Akasimama.

"Hata mimi nilikosea, mwalimu. Nilisema kumi na sita. Lilikuwa kumi na nane."

"Wewe ulikosea hesabu tu," nikasema.

Wakili akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo tuiandike?"

"Hiyo usiiandike."

Nisingependa mdhani kwamba mambo yaligeuka kama kwenye vitabu vya hadithi. Mtihani uliofuata Kimya alipata thelathini na nne. Akaja na karatasi yake mezani kwangu, akataka nimwonyeshe kila mahali alipokosea, moja baada ya nyingine, na tulipofika la saba akaona kwamba kosa lilikuwa langu, nilisahihisha vibaya. Ikawa thelathini na sita. Kuna wengine wa nyuma walioanza kujibu maswali kwa sauti, na majibu yao mengine ni ya ajabu sana, na mimi nauma ulimi mpaka namaliza kusikiliza. Nauma kweli. Ni kazi kubwa kuliko milinganyo.

Mwalimu mkuu aliniomba niandike taarifa kuhusu njia yangu ya kuchangamsha wanafunzi, ipelekwe shule nyingine. Niliandika kurasa nne. Nikazisoma, nikazichana, nikaandika kwamba njia ni kuwaacha watunge wenyewe na mwalimu akae chini. Akaniuliza kama ni hayo tu. Nikamwambia kukaa chini kulinichukua muhula mzima.

Sasa zile dakika tano ni za Kimya na wenzake. Yeye anashika chaki, mimi nakwenda kukaa kwenye dawati lake karibu na mlango, magoti yamebanwa, nikitazama ubao kama wengine. Juzi aliandika herufi saba, na katika maisha yangu yote sijawahi kuona neno likijitokeza haraka namna ile. Nililiona lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kabla ya Wakili, kabla ya mtu yeyote. Nikanyoosha mkono juu kabisa, nikautikisa, nikanyanyuka nusu kwenye dawati.

Kimya alipitisha macho darasani. Mikono ilikuwa mingi. Akamchagua mwingine.